Vazi la Karamu Melini

Katika Queen Mary 2, meli iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2004, huwapo usiku ambao wanaume huombwa kuvaa suti nyeusi na tai, na wanawake magauni ya karamu. Asiyependa huweza kula katika ukumbi mwingine. Je, mtu aliyekwisha lipa nauli ana wajibu gani wa kujipamba? Nauli hununua kitanda na chakula. Hainunui furaha ya karamu, maana hiyo hufanywa na wageni wenyewe. Ajipambaye huwapa wenzake sehemu yake. Lakini heshima itolewayo kwa hiari ni zawadi; idaiwayo kwa dharau ni ushuru. Basi avae awezaye, wala asimpime mwenziwe kwa kitambaa. Akimpima, amevaa nguo akavua utu.