Mikono Iliyo Nyuma ya Ladha

Metate ni jiwe la volkano lenye miguu mitatu, limeinama kidogo kwa mbele. Anayesaga hupiga magoti nyuma yake, hushika kijiwe kirefu kwa mikono miwili, hukisukuma, hukivuta, hukisukuma tena. Kijiwe hicho huitwa mano, neno la Kihispania lenye maana ya mkono. Karibu kila kitu kinachosifiwa katika mapishi ya Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, kiliwahi kupita juu ya jiwe hilo: donge la mahindi la kutengenezea tortila, pilipili za mole, kakao ya chokoleti inayokorogwa kwa maji ya moto.

Swali langu ni hili: tunaposema chakula ni halisi kwa sababu kimesagwa kwa mkono, tunadai kazi ya nani?

Katika semina yetu ya uzamili swali hili huishia haraka kwenye neno "urithi". Ni neno zuri. Mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza mapishi ya jadi ya Meksiko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na sina ugomvi na hilo. Shida yangu ni kwamba urithi una tabia ya kusahau magoti.

Fikiria hesabu ya siku. Mahindi huchemshwa na chokaa jioni, hulala ndani ya maji yake, asubuhi huoshwa mpaka maganda yatoke, ndipo husagwa. Donge likishakuwa tayari halikai, linachacha. Kwa hiyo huwezi kusaga la wiki nzima Jumapili ukapumzika. Kabla ya mashine kufika, mwanamke wa kijijini alitumia saa 4 hadi 6 kwenye jiwe, kila siku, kuanzia kabla ya jua kuchomoza, na binti yake alirithi magoti hayohayo.

Mashine za kusaga mahindi yaliyochemshwa zilienea vijijini Meksiko katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanaanthropolojia Oscar Lewis, aliyechapisha utafiti wake kuhusu kijiji cha Tepoztlán mwaka 1951 (kijiji hicho kiko Morelos, si Oaxaca), alieleza jinsi wanaume walivyoipinga mashine ilipokuja. Walihofia wake zao wangekuwa na muda mwingi mno. Walisema pia kwamba tortila za mashine hazina ladha ileile.

Hapo kwenye ladha ndipo ninapokwama, maana hawakuwa wakidanganya. Jiwe na mashine havitoi donge moja. Wapishi wazuri wa Oaxaca watakuambia hivyo hadi leo. Hoja ilikuwa ya kweli, na bado ilitumika kumweka mtu chini kwa saa tano. Nadhani tumezoea kuamini kwamba dhuluma husimama juu ya uongo tu, ukiuondoa uongo nayo inaanguka. Hapa haianguki. Chakula kilikuwa kitamu kweli, na bei ya utamu ililipwa na asiyeulizwa.

Wapo wanaosema mila ikiguswa imekufa. Basi tuitazame mole negro, mchuzi mweusi unaopikwa kwenye harusi na Siku ya Wafu. Una pilipili ya chilhuacle, kakao na tortila iliyounguzwa makusudi, vyote vya huko. Lakini una pia karafuu, mdalasini, ufuta, lozi na zabibu kavu, ambavyo vilifika Amerika baada ya Wahispania. Bibi aliyetia karafuu ya kwanza ndani ya chungu alibadilisha kitu. Hatumwiti mharibifu, tunaiita mole yake ya jadi. Kwa nini mabadiliko yaruhusiwe kuingia chunguni, yazuiwe yakitaka kuingia maishani mwa mpishi?

Sisi wa Afrika Mashariki tuna jibu letu bila kujua. Katika pango la Guilá Naquitz, hukohuko Oaxaca, yamepatikana magunzi ya mahindi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Mmea huo ulipotufikia, haukuja na chokaa wala metate. Tuliutwanga kwenye kinu, baadaye tukaupeleka mashineni, na sijawahi kusikia mtu akisusa ugali kwa sababu unga umesagwa kwa injini.

Hata hivyo sitaki kumaliza kwa kuishangilia injini. Yuko Abigail Mendoza, mpishi Mzapoteki wa Teotitlán del Valle, aliyejulikana nje ya nchi yake akiwa amepiga magoti kwenye metate. Kumwambia ainuke, eti tumemkomboa, ungekuwa utovu wa adabu. Jiwe kwake ni ufundi, na ufundi huo una jina lake na mapato yake. Tofauti kati yake na yule mama wa mwaka 1920 haiko kwenye jiwe. Iko kwenye uwezo wa kusema leo sisagi.

Uwezo huo, lakini, unategemea sana sisi wanunuzi. San Andrés Huayápam ni mji unaojulikana kwa tejate, kinywaji baridi cha mahindi yaliyochemshwa kwa majivu, kakao, kokwa la tunda la mamey na ua liitwalo rosita de cacao. Mwanamke hulikanda donge kwa mkono ndani ya beseni kubwa, huku akiongeza maji kidogo kidogo, mpaka povu jeupe lielee juu. Mnunuzi hupewa kibuyu kilichopakwa rangi, hunywa akiwa amesimama, husifu kwamba ni cha mkono. Halafu huuliza kama bei inapungua.