Mshindi na Mwenye Haki

Katika vita vya dunia vilivyoanza mwaka 1939 hakuna kambi iliyokosa dua. Mfalme George wa Sita aliwaita raia wake wafanye siku ya sala tarehe 26 Mei 1940, jeshi lake lilipokuwa limebanwa katika fukwe za Dunkirk. Na askari wa Ujerumani waliolibana walikuwa wamejifunga mishipi yenye bizimu zilizonakshiwa maneno ya kudai kwamba Mungu yu pamoja nao. Hata Stalin, ambaye utawala wake ulikuwa umefunga na kubomoa makanisa mengi, aliwakaribisha maaskofu wakuu katika Kremlin mwezi Septemba 1943, na siku chache baadaye wakamchagua Patriarki wao kwa ruhusa yake. Kwa kuwa ushindi uliangukia upande mmoja, watu wengi walikata shauri, na baadhi wangali wakishikilia, kwamba Mola alihukumu kwa ndimi za mizinga kati ya mwenye haki na dhalimu.

Hoja hiyo ina mvuto, walakini haistahimili mtihani wa tarehe. Haki ya Mataifa Shirika, yaliyokuja kushinda, haikuwa pungufu Februari 1942, Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani, wala haikuongezeka Februari 1943, mabaki ya Jeshi la Sita la Wajerumani yaliposalimu amri Stalingrad. Kilichozidi katika muda huo ni shehena, silaha, maarifa na mashirikiano. Rommel, jemadari wa Kijerumani, alifika El Alamein nchini Misri akiwa na uhodari tele na petroli haba, kwa sababu meli za kumletea petroli zilikuwa zikizamishwa katika Bahari ya Mediterania, zikiwindwa kwa msaada wa siri za upande wake zilizofumbuliwa na wanahisabati, kazi ambayo Wapolandi walikuwa wameianza tangu 1932. Katika Atlantiki, nyambizi za Kijerumani zilizokuwa zikiangamiza misafara ya meli zilijikuta, mwezi Mei 1943, zinawindwa zenyewe na ndege za masafa marefu na rada zinazoona gizani, hata Admeri Dönitz akaziondoa katika njia za kaskazini. Tena Marekani, kupitia Uajemi na Pasifiki na bahari ya barafu, iliwapelekea Warusi malori karibu 400,000, ambayo pengine yalifaa kuliko vifaru, kwani jeshi lisilo na gari la kulibebea mkate na risasi hushinda leo likakwama kesho.

Wanaosoma sira ya Mtume Muhammad wameyajua haya tangu kale. Katika vita vya Uhud alikuwapo Mtume mwenyewe pamoja na masahaba wake, na haki ilikuwa yao. Lakini wapiga mishale walipoiacha zamu yao kilimani kwa kutamani ngawira, jeshi la haki lilipata pigo. Mungu aliyeumba sababu hakuzibatilisha siku ile kwa ajili ya wapenzi wake. Azibatilishe kwa ajili ya Churchill?

Basi je, haki haina kazi yoyote vitani? Nadhani inayo, ila si kwa muujiza. Muungano uliomshinda Hitler haukuletwa na mahaba: Churchill aliuchukia ukomunisti tangu mapinduzi ya 1917, Stalin aligawana Poland na Hitler huyo huyo mwaka 1939, na Roosevelt hakuingia vitani mpaka Wajapani walipoipiga Pearl Harbor mwezi Desemba 1941. Aliyewakutanisha ni mchokozi. Hitler alimvamia mwenziwe wa jana Juni 1941, kisha, siku nne baada ya Pearl Harbor, akaitangazia vita Marekani, jambo ambalo mkataba wake na Japani haukumlazimisha kulitenda; na wanavijiji wa Ukraine, ambao baadhi yao walimpokea kama mkombozi, aliwatenda kwa ukatili uliowasukuma wengi kumpinga. Dhuluma isiyo na mpaka huzidisha maadui upesi kuliko risasi zinavyoweza kuwapunguza, na hapo ndipo ninapoiona kadari ikipita ndani ya sababu. Lakini hukumu ya namna hii humhusu aliyeshindwa peke yake. Haimwandikii mshindi cheti cha usafi.

Na cheti hicho kingeandikwaje mwaka 1943, ambao ndio mwaka wa njaa kuu ya Bengal, chini ya utawala wa Waingereza, iliyoua mamilioni? Huku kwetu Tanganyika, baada ya Wajapani kuziteka Ufilipino na Java zilikokuwa zikitoka nyuzi za kamba, wanaume walishurutishwa kwa amri kwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani na mpira. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokwenda kupigania uhuru ambao kwao hawakuwa nao. Roosevelt na Churchill walikuwa wametangaza Agosti 1941, katika Mkataba wa Atlantiki, kwamba kila umma una haki ya kujichagulia serikali, na mwezi uliofuata Churchill akalieleza Bunge kwamba yeye alikusudia hasa mataifa ya Ulaya yaliyokaliwa na Wanazi. Oktoba 1945 Kenyatta, Nkrumah na wenzao walikutana Manchester kudai uhuru wa Afrika, na safari hii aliyekuwa akidaiwa haki ni mshindi.