Mkate Kwanza, Mlima Baadaye

Somo: 1 Wafalme 19:3–8, Mathayo 4:5–7



Sisi wa Nyeri, Naro Moru na Nanyuki tumekua tukiuona Mlima Kenya kila asubuhi. Tumeuzoea hadi tunaudhani ni jirani wa kutembelewa na sandali. Kuna vijana wetu wanaopanda peke yao kwenda kuomba: Biblia mkononi, tumbo tupu, shati moja, na nyumbani hakuna anayejua. Nikiuliza, "Koti liko wapi?" najibiwa, "Pasta, Mungu atanifunika." Leo tuongee hilo neno, kwa sababu kuna mama humu kanisani anayekesha macho mlangoni.

Mwangalie Eliya. Amemkimbia Yezebeli, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Amechoka hadi anaomba kufa. Ungedhani malaika akija atamkemea, au atamwambia aongeze maombi. Hapana! Malaika alileta mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena, kwa maana safari ilikuwa kubwa kumshinda. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu. Mwambie jirani yako: mkate kwanza, mlima baadaye!

Sasa mtu asiniambie koti ni ukosefu wa imani. Shetani alimsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Yesu alikataa. Kumwamini Baba ni jambo moja, kumjaribu ni jingine.

Mimi pia hupenda kuomba huko juu, lakini nikienda huwa nashika mambo matatu.

Kwanza, vaa. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa karibu digrii 6. Asubuhi kilele kinang'aa, adhuhuri mawingu yamefunika na mvua inashuka. Beba sweta ya sufu, koti la mvua, kofia, tochi, na soksi kavu zilizofungwa zisilowe. Mtu akilowa na upepo ukampiga, huanza kutetemeka, kisha ulimi unakuwa mzito, kisha akili inachanganyikiwa. Huyo usimwekee mikono tu! Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mtie joto, mshushe.

Pili, kula. Kufunga na kupanda ni kazi mbili. Usizifanye siku moja. Funga ukiwa nyumbani au kanisani. Ukipanda, beba maji, ngwaci za kuchemsha, ndizi na njugu, na uweke kando chakula cha kushuka. Januari 1943, Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita pale Nanyuki ili tu waupande mlima huu. Walikuwa wamejiandaa kwa miezi: chakula waliweka akiba kidogo kidogo, na shoka za barafu walizitengeneza kutoka kwa nyundo. Wawili walifika Lenana, mita 4,985. Hata hivyo walishuka na njaa kali. Kama waliojiandaa hivyo walirudi na njaa, wewe uliyebeba chupa moja ya maji utarudije?

Tatu, usiende peke yako. Barsotti aliugua njiani, lakini alikuwa na wenzake. Mhubiri 4:10 inamlilia anayeanguka bila mtu wa kumwinua. Msituni kuna ndovu na nyati, na huko juu hewa ni nyepesi. Kichwa kikiuma sana na ukaanza kutapika, shuka mara moja. Mlima hautahama. Na walinzi wa KWS wakikurudisha getini kwa sababu uko peke yako, usiseme ni mateso ya injili. Hao ndio malaika wako wa siku hiyo!

Ndugu yangu, mlima si ule wa barafu tu. Kuna anayeingia kwenye ndoa, mwingine anafungua duka, mwingine anachukua mkopo, akisema Bwana atatangulia. Ndiyo, atatangulia. Lakini katika Luka 14 Yesu mwenyewe aliuliza ni nani ajengaye mnara bila kuketi kwanza apige hesabu.

Basi kuanzia wiki hii, yeyote anayekwenda mlimani amwambie kiongozi wake wa ushirika wa nyumbani: anakwenda na nani, njia gani, anarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita, tusianze kwa kuitisha kesha. Tupige simu kwa walinzi kwanza, kisha tuombe msaada ukiwa njiani.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa mkate unaotupa kabla ya safari. Tupe unyenyekevu wa kuupokea, na uwarudishe watoto wetu wote nyumbani salama. Katika jina la Yesu. Amina.