Mpangaji ametoka, je, deni limetoka naye?



Kuna neno moja linalogawa watu katika makusanyiko yetu, na mara nyingi tunalinong'ona tu. Mpangaji amehama bila kulipa miezi mitatu, amevunja mlango, ameacha na fakture ya REGIDESO. Mwenye nyumba akimfuata kumdai, watu wanamwambia: «Mama, wewe ni mwamini, achilia.» Je, kudai ni dhambi?

Mimi nasema hapana. Kusamehe ni zawadi ya yule aliyepoteza. Mimi ambaye sikupoteza hata faranga moja, siwezi kuitoa mahali pake. Mama mjane wa Katuba mwenye vyumba viwili vya kupangisha, ile kodi ndiyo minervali ya watoto, ndiyo unga. Tukimlazimisha kusamehe, tumemlipisha nyumba ya mtu mwingine, kisha tunaita jambo hilo upendo. Mtume Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, hakusema deni limefutika kwa sababu sasa wote ni ndugu. Aliahidi kulipa yeye mwenyewe. Wale wanaopenda kusema «achilia» wangefungua mifuko yao namna hiyo!

Lakini kudai kuna njia yake. Torati, katika Kumbukumbu 24, inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani: asimame nje, mdaiwa amletee. Basi tunasema nini juu ya wale wanaokamata godoro na masufuria, ao wanaomngojea mtu mlangoni mwa kanisa ili wampigie kelele mbele ya watoto wake?

Tena, tunadai kitu gani? Rangi iliyofifia kwa miaka sita, kufuli iliyochakaa kwa kufunguliwa kila siku, hiyo ni kazi ya wakati, na kodi ilikuwa inailipia. Kioo kilichovunjwa na mpira, mlango uliopigwa teke, hilo ni deni. Shida ni kwamba tunapeana funguo bila kuandika hali ya nyumba, na siku ya kutoka kila mmoja ana kumbukumbu yake. Na garanti je? Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza kuomba zaidi ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Wako wanaochukua miezi sita na hawarudishi kitu. Mwenye nyumba wa namna hiyo ahesabu kwanza. Pengine ataona kwamba mdaiwa ni yeye.

Mdaiwa naye asingojee feza ianguke. Wakubwa wanakumbuka mwaka 1993, zaïre milioni 3 zilipogeuka kuwa zaïre mpya 1. Aliyechelewa kisha akalipa kwa namba ya zamani alirudisha karatasi tu.

Paulo aliwakemea Wakorinto kwa kushtakiana mbele ya waamuzi wa nje, lakini alitaka pia awepo mtu wa hekima ndani ya kusanyiko wa kuamua. Tukikosa kumtoa mtu huyo, tusimlaumu mjane akienda tribinali. Na huyo mwenye hekima atofautishe: aliyepoteza kazi si sawa na anayejificha huku ananunua televizio. Wa kwanza apewe miezi, alipe kidogo kidogo, mbele ya mashahidi wawili. Kama ni fundi, arudi na mwiko wake, atengeneze ule ukuta, na kazi yake ihesabiwe kwa bei ya fundi mwingine yeyote.