Je, Kuhama Kazi ya Viza Mapema ni Kuvunja Ahadi?



Kuna swali ambalo wazazi wa kanisa hili wamekuwa wakiniuliza, hasa wale walio na watoto Qatar. Kijana amefika Doha, mwajiri amemlipia viza na tiketi ya ndege, naye ametia sahihi mkataba wa miaka miwili. Mwezi wa tatu anapata mahali pengine penye mshahara mzuri zaidi. Akihama, ametenda dhambi?

Wengi hujibu haraka kwa Zaburi ya 15, pale inaposema juu ya mtu asiyegeuza kiapo chake hata kikimletea hasara. Ni neno la kweli, na mimi silipunguzi. Lakini hebu tuulize kwanza: huyo kijana aliahidi nini hasa? Tunaombea viza, tunafunga, tunatoa ushuhuda viza ikitoka, lakini mkataba wenyewe hakuna anayeufungua tuusome pamoja.

Zamani kule Qatar mfanyakazi hangeweza kuhamia kazi nyingine bila barua ya ruhusa ya mwajiri wake. Mwaka 2020 sheria ikabadilishwa. Sasa anaweza kuhama bila barua hiyo, mradi atoe notisi ya maandishi: mwezi mmoja ikiwa hajapitisha miaka miwili, miezi miwili ikiwa amepitisha. Na akihama akiwa bado katika muda wa majaribio, mwajiri mpya ndiye anayemrudishia yule wa kwanza sehemu ya gharama za kumleta, isiyozidi mshahara wa msingi wa miezi miwili. Mwajiri anaandika watu kazi chini ya sheria hiyo hiyo. Kwa hivyo anayetoa notisi na kuimaliza hajavunja neno lake.

"Basi mchungaji, tumemaliza." Hapana, bado. Kuna kijana anayetia sahihi akijua moyoni kwamba kampuni hii ni ya kumfikisha Doha tu. Alipoulizwa waziwazi kama atakaa, alisema atakaa. Kwangu mimi dhambi ya huyo si kuhama. Aliifanya siku ile aliposema ndiyo na ndani ni la, na hata akikaa miaka yote miwili bado ana jambo la kutubu. Yule aliyekwenda kwa moyo safi, halafu nafasi ikamjia, simhesabii kosa.

Na mwajiri je? Labani alimbadilishia Yakobo mshahara mara kumi. Soma Mwanzo 31 polepole. Yakobo alikuwa ametumika miaka ishirini, kisha akaondoka bila kumwaga mkwewe, Labani akiwa ameenda kukata kondoo manyoya. Alipoulizwa kwa nini aliondoka kwa siri, alisema aliogopa. Sasa angalia Mungu alimwonya nani kwa ndoto usiku. Ni Labani! Hilo hunijia kila nikisikia dada amenyang'anywa pasipoti, au anafanya kazi miezi bila malipo, halafu watu wa nyumbani wanamwambia avumilie eti ndio ushuhuda wa Mkristo. Anayeshikilia ujira ndiye aliyevunja mkataba kwanza, na Yakobo 5 inatuambia kilio cha wafanyakazi wa namna hiyo kimemfikia Bwana. Dada huyo akikimbilia ubalozi wetu, kanisa lisimwite mtoro.

Asiyeonewa ni mambo mengine. Akizima simu usiku na kuhamia kwa rafiki bila notisi, anaweza kuripotiwa kama mtoro na kurudishwa nyumbani, na deni la ajenti linabaki kwa baba yake aliyeuza ng'ombe. Hapo amemdhulumu mwajiri, na amewadhulumu wazazi pia.

Kwa hivyo mzazi, akikupigia simu, usianze na "vumilia" wala "hama." Mwambie apige picha ya mkataba, kurasa zote, akutumie. Ukishindwa kuusoma, uje nao ofisini siku yoyote ya wiki, tutakaa tuusome. Notisi aiandike, abaki na nakala, na nyingine aitume nyumbani. Na asikanyage kazi mpya kabla wizara ya kazi ya kule haijakubali uhamisho.