Mjumbe Hauawi?



Leo naanza na dhambi yangu mwenyewe. Jioni moja hapa Kasulu iliingia sauti kwenye gurupu la WhatsApp la mtaa: eti fundi baiskeli mmoja wa sokoni, mtu wa kutoka kambini, anaiba watoto. Mimi simjui hata kwa sura. Nikaituma kwenye magurupu matatu, likiwemo la kwaya yetu, kisha nikaendelea kula ugali. Asubuhi kibanda chake kilikuwa kimevunjwa, na mwenyewe amekimbilia polisi. Hakuna mtoto aliyeibwa.

Nikajitetea: "Jamani, mimi sikuitunga, nimepitisha tu. Mjumbe hauawi." Lakini moyo haukutulia. Je, anayepitisha tu ana hatia?

Swali hilo nilikwenda nalo Kibondo kwa bibi. Miaka ya 1990, wakimbizi wa Burundi na Rwanda walipojaa huku kwetu, bibi aliona neno likiua na likiponya. Nchini Rwanda, redio ya RTLM, iliyoanza Julai 1993, ilitangaza chuki, na mwaka 1994 ikawa inataja watu kwa majina ili wauawe. Mwaka huohuo BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, kikisoma majina ya ndugu waliopotezana. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi wakafungua Radio Kwizera kule Ngara. Kwizera ni tumaini. Chombo ni kilekile, redio ndogo ya betri.

Ila bibi anachokumbuka zaidi ni barua za Msalaba Mwekundu. "Zilikuwa wazi, mjukuu wangu, hazifungwi. Ndani ni habari za familia tu: tuko hai, mama yupo, mtoto kapona. Na aliyezileta alizunguka kambi nzima akiuliza jina, mpaka ampate mwenyewe, amkabidhi mkononi."

Maneno hayo yalinifikirisha. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi, inaaminika aliyeipeleka barua ni Febe, ambaye Paulo anamtambulisha kwao kwa jina. Neno lilifika likiwa na mtu. Ukiwa na shaka, unamuuliza. Ukiumia, unamtazama usoni. Miaka ya 1450 Gutenberg akachapa Biblia kule Mainz, na ni jambo jema. Lakini mitambo ya namna hiyohiyo ikaja kuchapa pia vijitabu vya kutukanana kati ya Wakristo, na msomaji hakumwona tena aliyeleta. Redio ikaongeza mwendo zaidi. Simu janja imemaliza kabisa: mbebaji haonekani, hata yeye mwenyewe hajioni kama amebeba kitu.

Ndiyo maana ile methali haikunifaa. Mjumbe hauawi kwa sababu anajulikana katumwa na nani, na yuko tayari kuulizwa. Mimi sikutumwa na mtu. Nilikuwa upepo tu, na upepo ndio unaopeleka moto kwenye nyumba ya pili. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa kule Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Hakushika panga. Sisemi kosa langu ni sawa na lake. Nasema tu kwamba neno lina mikono.

Kwenye kitubio Padre alinituma kwa fundi. Nilimkuta anaziba pancha. Nikamwambia yote. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Ulikuwa unanijua?" Nikasema hapana. Akanisogezea kigoda. Kumbe ni Muha mwenzetu, wa Kibondo. Na hata angekuwa Mrundi wa Nduta au Nyarugusu, asingestahili vile.

Nikaandika kuomba radhi kwenye magurupu yote matatu. Ile sauti ya kwanza watu waliipokea kwa kelele nyingi. Ya kuomba radhi wamejibu wawili.

Siku hizi, kabla sijatuma kitu, najiuliza: hiki ningekibeba kwa miguu, kikiwa wazi, hadi kwa mtu anayesemwa, nikamkabidhi mkononi? Nikiona aibu, nafuta.

Ee Bwana, uliye Neno ukafanyika mwili, tufundishe kubeba maneno yetu tukiwa na sura. Amina.