Kilicho Nyuma ya Marumaru

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliifundisha madarasani kwa miaka mingi, na kila mara niliieleza kama onyo kwa mwenye kudanganywa, asivutwe na sura ya nje. Swali la pili sikuliuliza kamwe: ni nani aliyeupaka mkakasi rangi, na ni nani aliyemlipa? Nimelipata swali hilo uzeeni, nikijenga bafu.

Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai haina mzaha. Wajerumani, walioupa mji huu jina la Wilhelmstal, walijenga nyumba za kuta nene. Wazee wetu Wasambaa walijenga kwa miti na udongo, wakalala karibu na moto. Sisi tumejenga kwa tofali na saruji, tukabandika marumaru. Ukuta unang'aa, lakini ukiugusa alfajiri ni kama kugusa jiwe la mtoni.

Mke wangu anasumbuliwa na baridi yabisi. Miaka yote tumeoga katika bafu la uani, na sikuliona kuwa ni tatizo mpaka alipoanza kuahirisha kuoga kwa kuogopa baridi. Nikaona haya, nikaamua tujenge bafu ndani ya nyumba.

Binti yetu anayeishi Uingereza alitueleza habari za bodi ambazo huko hubandikwa ukutani kabla ya marumaru. Ni povu gumu lililopakwa saruji yenye wavu pande zote mbili. Ndani ya povu mna vitundu vidogo mno vya hewa vilivyofungwa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Kwa hiyo mtu aogapo kwa maji ya moto, marumaru hupata joto mapema badala ya joto hilo kumezwa na tofali, na mvuke haugeuki matone ukutani kwa wingi. Viungo vya bodi hizo pamoja na matundu ya skrubu hapana budi vizibwe, maana marumaru peke yake haizuii maji yote. Maji hupenya polepole katika mistari iliyo kati ya kipande na kipande.

Fundi wetu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, bodi hizo ni ghali, na itabidi ziagizwe kupitia Dar es Salaam. Tuweke bodi za jasi. Zimenyooka, na kazi itakwisha upesi. Tukishabandika marumaru, nani ataona?"

Bodi ya jasi ni kitu kizuri darini na sebuleni. Lakini jasi ikilowa hulegea, na karatasi iliyoifunika huota ukungu. Nyuma ya maji ya kila siku, kuharibika kwake ni suala la muda tu. Nilifungua kinywa nimkemee fundi, nikashindwa, kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu.

Nilipokuwa mkuu wa shule, ukuta wa bafu la wanafunzi ulipata ufa. Wageni walikuwa wanakuja, na fedha ya kuujenga upya haikuwapo. Nilimwagiza fundi azibe ufa kwa udongo na kupaka chokaa juu yake. Alipositasita, nilimwambia, "Nani ataona?" Wageni walisifu usafi wetu. Masika yalipofika ukuta ulianguka usiku, na kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtoto ndani. Katika taarifa yangu niliandika kwamba umeangushwa na mvua.

Nilimsimulia fundi kisa hicho. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tulijua, Mwalimu. Tulimwona yule fundi akipaka." Chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, tuliambiwa kwamba mtoto husoma matendo ya mwalimu kuliko ubao wake. Nilikuwa nimelinakili somo hilo daftarini tu.

Kwa swali la "nani ataona", wengi watajibu kwamba Mungu anaona. Ni kweli tupu. Lakini hata siku ile ya chokaa nilijua kwamba Mungu anaona, na bado nilipaka. Nilichokosa ni kumfikiria mtoto atakayeoga. Tangu hapo nimeona kwamba swali lenyewe lilikuwa limepinda. Tusiulize nani ataona, bali tuulize nani ataegemea.

Je, maana yake ni kwamba kila mtu anunue kilicho ghali? La hasha. Lipu nzuri ya saruji iliyopakwa dawa ya kuzuia maji ni kazi ya haki kabisa, ingawa ni ya baridi. Ubaya uko katika kuufanya ukuta uahidi kile usichoweza kutimiza. Marumaru humwambia mtu, "Mwaga maji, egemea." Kilicho nyuma yake lazima kiwe kinasema hivyohivyo.

Nilimwuliza fundi kwa nini alifikiria jasi. Akajibu kwa upole, "Kwa bei tuliyopatana, Mwalimu, kazi nyingine haiwezekani." Hapo ndipo nilipopata jibu la mkakasi. Nilikuwa nimembana fundi mpaka nikamwachia njia moja tu, nayo ni ya kuficha. Mwenye kubana bei hivyo ameshiriki katika udanganyifu hata kabla mwiko haujashikwa.

Tulipatana upya. Bodi za povu tuliweka katika kuta mbili zinazopigwa na upepo, na kuta nyingine zikapata lipu na dawa. Viungo vyote nilimshikia fundi taa wakati akiviziba.

Sasa mke wangu huoga kila siku, ameuegemeza mkono wake ukutani. Hajui kilicho nyuma ya marumaru, wala hana haja ya kujua. Ndiyo maana ilitupasa sisi tujue.